Vyuo viseme wazi ni kikokotoo cha aina gani mwanafunzi anunue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini kwetu sisi tunaosomea upimaji ardhi linagusa alama za masomo, fedha za mfukoni na hata mipaka ya viwanja vya watu. Nazungumzia kikokotoo. Najua kwamba siku hizi neno hili likitajwa gazetini mawazo ya msomaji huenda moja kwa moja kwenye mafao ya wastaafu. Mimi nakusudia kifaa chenyewe cha mkononi, kile ambacho mwanafunzi hukibeba kwenye begi pamoja na daftari la vipimo. Changu kimeharibika nikiwa katikati ya masomo, na katika kuhangaika kutafuta kingine nimetambua kwamba kanuni za mitihani, jinsi zilivyoandikwa, hazimsaidii mwanafunzi anayetaka kujua kabla hajatoa hela yake kama kifaa anachokinunua kitakubaliwa au kitakataliwa mlangoni.

Mimi ni mwanafunzi mtu mzima. Kabla ya kurudi darasani hapa Dodoma nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi kwa miaka mingi, nikibeba tripodi, nikishika fito na kuchimba mashimo ya bikoni, yaani alama za upimaji zinazosimikwa ardhini, na mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyenikabidhi kikokotoo chake siku alipostaafu. Kilikuwa ni HP 32SII, mashine ndogo ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1991 na kuacha kutengenezwa mwaka 2002. Mtu akikishika kwa mara ya kwanza, jambo linalomshangaza ni kwamba hakina kitufe cha sawasawa. Vijana ninaosoma nao waliniuliza swali lile lile mmoja baada ya mwingine: "Kaka, sasa alama ya sawasawa iko wapi?" Haipo. Badala yake kuna kitufe kipana kilichoandikwa ENTER, na hicho ndicho kinachobadilisha namna nzima ya kufanya hesabu.

Mashine za namna hii hufuata mpangilio unaoitwa mpangilio wa Kipolandi uliogeuzwa, ambao kwenye maboksi yake huandikwa kwa herufi tatu tu, RPN. Jina hilo linatokana na Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Polandi aliyezaliwa mwaka 1878, ambaye mwaka 1924 alibuni njia ya kuandika sentensi za mantiki kwa kutanguliza alama ya tendo mbele ya vitu vinavyotendewa, hata mabano yakawa hayana kazi tena. Wataalamu wa kompyuta waliokuja baadaye waliugeuza mpangilio huo ili tendo lije mwisho, baada ya namba, na mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ikautumia katika HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushikwa mkononi. Jina ni la kigeni, lakini jambo lenyewe tunalijua tangu shule ya msingi. Mtoto anayejumlisha kwa wima huandika namba ya kwanza, akaandika ya pili chini yake, na zote mbili zikishakaa mahali pake ndipo anapojumlisha. Mashine ya RPN hufanya hivyo hivyo: unaipa namba kwanza, kisha unaiambia izifanyeje.

Nitatoa mfano wa kiwanja, kwa sababu hapo ndipo maana yake inapoonekana. Tuchukue kiwanja chenye pande mbili zinazokwenda sambamba, moja mita 24.6 na nyingine mita 31.8, na umbali kati yake ni mita 18.5. Eneo lake ni jumla ya pande hizo mbili, gawanya kwa mbili, zidisha kwa umbali. Kwenye mashine yangu nilikuwa naandika 24.6, nabonyeza ENTER, naandika 31.8, nabonyeza jumlisha na kuona 56.4, naandika 2, nabonyeza gawanya na kuona 28.2, naandika 18.5, nabonyeza zidisha na kupata mita za mraba 521.7. Kila hatua jibu lake liko mbele ya macho yangu, na kama upande mmoja niliuandika vibaya nitashtuka palepale kwenye ile 56.4. Sasa mwanafunzi mwenye kikokotoo cha kawaida, akiwa juani na ana haraka, akiandika 24.6 jumlisha 31.8 gawanya 2 zidisha 18.5 bila kuweka mabano, mashine yake itafuata MAGAZIJUTO kama sote tulivyofundishwa, itagawanya na kuzidisha kwanza, na mwisho wake itampa 318.75. Kiwanja kimepungua mita za mraba 202.95, na mashine haijakosea popote. Aliyekosea ni mtu, lakini mashine haikumpa mahali pa kulishtukia kosa lake mpaka mwisho.

Sisemi kwamba kikokotoo cha kawaida ni kibaya. Mwenye kukizoea na kuweka mabano yake sawasawa hupata jibu lile lile, na wapima ardhi wengi mahiri nchini hawajawahi kushika kingine. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kuona kila hatua, na ambaye mikono yake imejengeka hivyo kwa miaka mingi, hawezi kubadilishiwa mpangilio wiki tatu kabla ya mtihani asitetereke. Kidole changu hutafuta ENTER chenyewe, kama vile kidole cha fundi cherehani kinavyojua pa kuupitisha uzi.

Sasa nieleze kilichotokea. Kikokotoo changu kilitumia betri tatu ndogo za duara aina ya LR44, na katika likizo moja niliziacha humo zikiwa zimechoka. Niliporudi na kufungua kifuniko nikakuta zimevuja, kuna ungaunga mweupe na ukijani kwenye vyuma vinavyogusa betri. Nilisafisha kwa pamba na matone ya ndimu, kama mzee alivyonifundisha, nikakausha, nikaweka betri mpya, kikawaka. Nilifurahi kupita kiasi, wala sikukichunguza zaidi.

Baada ya siku chache tulikwenda kwenye mazoezi ya vitendo nje ya mji, upande wa Mkonze, mahali penye vumbi jekundu na miiba, kundi letu likiwa na watu watano. Tulipima travesi, yaani mstari unaotoka kwenye bikoni inayojulikana, unazunguka pointi kadhaa na kurudi pale pale ulipoanzia, ili tofauti zote za kaskazini, yaani kiasi ambacho kila mstari umesogea kuelekea kaskazini au kusini, zikijumlishwa zitoe sifuri na za mashariki vivyo hivyo, au karibu sana na sifuri. Mimi ndiye niliyekuwa nakokotoa. Jioni tulipojumlisha, kaskazini ilifunga kwa sentimita mbili, lakini mashariki ilikataa kwa mita tano. Tulidhani tumesoma vibaya umbali mmojawapo, na kesho yake asubuhi wenzangu wanne walirudi kuupima upya mzunguko mzima chini ya jua, wakaleta namba zilezile. Nikakokotoa tena, mita tano zikabaki pale pale.

Nilikuja kuliona kosa usiku, nikiwa peke yangu na taa. Kulikuwa na mstari mmoja wa umbali wa mita 48.62, wenye uelekeo wa nyuzi 127, dakika 14 na sekunde 30. Tofauti yake ya mashariki ilipaswa kuwa mita 38.71, na daftari langu lilikuwa limeandikwa 33.71. Kioo cha mashine hiyo huchora tarakimu kwa nukta ndogondogo, na safu moja ya nukta zilizosimama wima ilikuwa imekufa, kwa hiyo tarakimu ya nane ikija mahali hapo ilipoteza upande wake wa kushoto na kusomeka kama tatu. Mashine ilikuwa inajua jibu, kioo ndicho kilichokuwa kinanidanganya. Niliwaomba radhi wenzangu kwa siku waliyoipoteza, na tangu usiku ule sikukitumia tena kwa kazi ya mtu mwingine yeyote. Kipo ndani ya sanduku, nimekitoa betri.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya kutafuta kingine, nami naomba niieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu najua wapo wanafunzi wengine, wakiwamo wa uhandisi na wa uhasibu, ambao wamerithi au wamezoea mashine za namna hii na watakwama mahali nilipokwama.

Katika maduka ya vifaa vya ofisi hapa mjini Dodoma nilikuta Casio peke yake, na nilipopanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam nikazunguka Kariakoo kutwa nzima, hali ilikuwa ileile. Muuzaji mmoja alinitolea fx-991 akaniambia kwa upole, "Kaka, wanachuo wote wanachukua hii." Alikuwa anasema kweli, na ni mashine nzuri kwa bei yake. Hata kazi ya kugeuza umbali na uelekeo kuwa kaskazini na mashariki inaiweza. Lakini haina RPN, na hakuna namna ya kuiwekea.

Kilichonijia kwanza akilini kilikuwa kutafuta HP 32SII nyingine iliyotumika. Nimeliacha wazo hilo. Mashine ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani mwaka 2002, na kununua kutoka ng'ambo kifaa kikuukuu ambacho siwezi kukishika wala kukijaribu kabla ya kulipa ni kujitafutia kioo kingine kinachogeuza nane kuwa tatu.

Wengi niliowauliza walinitajia HP 35s, iliyotoka mwaka 2007 kwa kuadhimisha miaka 35 ya ile HP-35 ya kwanza. Ina mistari miwili ya kusomea, na inakubali RPN na mtindo wa kawaida kwa kuchagua. Kwa mwanafunzi wa uhandisi ni mashine ya kutosha sana. Kwa mpima ardhi ina upungufu ambao mimi naona ni mkubwa: waliiunda bila kitufe cha moja kwa moja cha kugeuza umbali na uelekeo kuwa kaskazini na mashariki, jambo ambalo HP 32SII ililifanya kwa kubonyeza mara mbili tu. Unalazimika kupitia namba changamano au kujiandikia programu yako mwenyewe. Tena nayo imekwisha kuacha kutengenezwa, kwa hiyo iliyobaki sokoni bei yake inategemea hiari ya muuzaji.

Nimtahadharishe hapa mwanafunzi wa upimaji au uhandisi asije akanunua HP 12C kwa sababu tu ameona ni ya RPN na inapatikana kirahisi zaidi. Ile ni mashine ya mambo ya fedha, iko sokoni tangu mwaka 1981 hadi leo, na ni miongoni mwa aina chache mno zinazoruhusiwa katika mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa fedha inayojulikana kwa herufi CFA. Mwenzetu anayesomea uhasibu au benki aichukue bila wasiwasi. Lakini haina vitufe vya hesabu za pembe: haina saini, haina kosaini, haina tanjenti. Mpima ardhi akiwa nayo mkononi atakuwa kama seremala aliyebeba nyundo bila misumari.

Upande wa pili kuna HP Prime ya mwaka 2013, yenye kioo cha rangi cha kugusa na betri ya kuchaji, ambayo nayo unaweza kuiweka kwenye RPN. Sikuifikiria sana. Kifaa chenye uwezo wa kuchora grafu na kutatua milinganyo kwa herufi hakitapita kwenye chumba chochote cha mtihani ninachokifahamu, na kazi ya shambani haihitaji rangi.

Nikabakiwa na mashine mbili. Ya kwanza ni HP 15C, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1982 hadi 1989, ikarudishwa kwa toleo maalumu mwaka 2011, na ikarudishwa tena mwaka 2023. Ya pili ni familia ya mashine za SwissMicros, kampuni ndogo ya Uswisi inayotengeneza upya vikokotoo vya zamani vya HP, ikiwamo DM15L inayoiga hiyohiyo 15C, na DM42 inayoiga HP-42S ya mwaka 1988. Zote zina vitufe vya kugeuza umbali na uelekeo, zote zinageuza nyuzi, dakika na sekunde kuwa nyuzi za desimali. Nimechagua 15C ya mwaka 2023, kwa sababu betri zake ni CR2032 mbili, zilezile zinazowekwa kwenye rimoti za magari na kwenye kompyuta, ambazo nimekwisha kuhakikisha ziko madukani hapa, na kwa sababu vitufe vyake vimepangwa kwa ulalo hivi kwamba mtu anaishika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba huku amesimama kando ya tripodi. Ule mstari ulioniaibisha ningeufanya hivi: 127.1430, kitufe cha kugeuza kuwa nyuzi za desimali, 48.62, kitufe cha kugeuza kuwa kaskazini na mashariki, na kioo kinaonyesha −29.42, yaani kaskazini; kisha kitufe cha kubadilishana nafasi, na 38.71 ya mashariki inajitokeza. Bei yake ni zaidi ya dola 100 kabla ya usafirishaji, na kwangu mimi hiyo si fedha ya kutoa mara mbili.

Kwa asiye na fedha hizo ipo njia ya bure, nami nimekuwa nikiitumia hadi sasa: programu ya simu iitwayo Free42, iliyoandikwa na Thomas Okken, ambayo hufanya kila kitu kilichofanywa na HP-42S na haidai malipo. Kwa kazi za darasani inatosha kabisa. Shambani ina matatizo yake, kwa maana jua la Dodoma mwezi wa kumi hufuta kioo cha simu usione kitu, na kidole chenye jasho na vumbi hubonyeza kitufe cha jirani bila wewe kuhisi. Na simu, kama inavyojulikana, haingii kwenye chumba cha mtihani.

Ndugu Mhariri, hadi hapo nilidhani kazi yangu imekwisha. Kabla ya kutuma fedha nikaona ni busara nisome kanuni za mitihani za chuo changu. Sitakitaja, kwa sababu nimeuliza wenzangu wa vyuo vingine na maneno ni yaleyale. Kanuni inasema mwanafunzi ataruhusiwa kutumia kikokotoo cha kisayansi kisichoweza kuwekewa programu, basi. Haina orodha ya aina zinazokubalika wala haielezi nani ataamua na lini. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikaambiwa nije nacho siku ya mtihani, msimamizi atakitazama.

Naomba wahusika wauone uzito wa jibu hilo. Karibu kila kikokotoo cha kisayansi cha RPN kilichotengenezwa katika miaka arobaini iliyopita kinaweza kuwekewa programu: 32SII, 35s, 15C, 42S, zote. HP-35 ya mwaka 1972 haikuwa hivyo, lakini hakuna mwanafunzi atakayeingia na kifaa cha zaidi ya nusu karne akategemea kitawaka. Kwa hiyo kanuni ya mstari mmoja, ambayo nina hakika aliyeiandika alikuwa anawaza mashine za grafu zenye kuficha nukuu za masomo ndani, imefuta mpangilio mzima wa kufanya hesabu bila kuutaja. Na kwa kuwa haikuutaja, yupo mwanafunzi ambaye msimamizi wake hatajua kifaa hicho ni nini na atamwacha aingie nacho, na yupo mwingine ambaye msimamizi wake ataona hakina alama ya sawasawa, atakitilia shaka na kukichukua dakika tano kabla ya karatasi kugawiwa. Wote wawili watakuwa na kifaa cha aina moja katika mtihani mmoja.

Naelewa kwa nini kanuni ipo, na siombi ifutwe. Mashine inayohifadhi programu inaweza kuhifadhi kanuni ambazo mwanafunzi alipaswa kuzijua kichwani, na kumwachia mmoja faida ambayo mwenzake hana si haki. Lakini yapo mambo matatu ambayo vyuo vinaweza kuyafanya bila gharama yoyote.

La kwanza ni kutenganisha mtihani na kazi za kozi. Katika mazoezi ya vitendo, katika ripoti za shambani na katika kazi tunazofanyia nyumbani, mwanafunzi atumie kifaa chochote anachokimudu ilimradi aonyeshe hatua zake, kama atakavyofanya kazini akishamaliza. Nasema hivi kwa sababu wapo wakufunzi wanaoipeleka kanuni ya mtihani hadi shambani, na mwenzetu mmoja alikatazwa kutumia kikokotoo cha RPN kwenye travesi kwa maelezo kwamba mkufunzi asingeweza kufuatilia alichobonyeza. Hatua za hesabu zinakaa kwenye daftari la vipimo, na daftari ndilo la kusahihisha.

La pili ni orodha. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, chuo kitoe karatasi moja yenye majina na namba za vikokotoo vinavyoruhusiwa kwenye mitihani, ibandikwe na itumwe kwa wanafunzi wapya kabla hawajafanya manunuzi. Bodi za mitihani ya wahandisi nchini Marekani hufanya hivyo, na kwenye orodha yao zimo HP 33s na HP 35s ingawa zote mbili zinapokea programu. Hatulazimiki kuiga orodha yao, ila utaratibu wa kutangaza mapema ni wa kuigwa.

La tatu ni kufuta kumbukumbu mbele ya msimamizi, na hili naliona ndilo jibu la swali langu mwenyewe. HP 15C ikiwa imezimwa, ukishikilia kitufe cha alama ya kutoa (−), ukabonyeza cha kuwasha na kukiachia, kisha ukaachia na kile cha kutoa, programu zote na namba zote zilizohifadhiwa zinafutika, na kioo kinaandika maneno mawili, Pr Error, kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Ni kazi ya sekunde tatu. Msimamizi hahitaji kujua RPN ni nini. Anahitaji kuyaona maneno hayo mawili kwa macho yake na kuweka tiki kwenye jina la mwanafunzi.

Mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu Serikali ihamie hapa viwanja vinapimwa kila upande, Nala, Ihumwa, Iyumbu na kwingineko, na kesi za mipaka zinajulikana kwa kila anayekaa Dodoma. Vijana wanaosoma leo ndio watakaopima viwanja hivyo kesho. Ningependa kila mmoja wao afike kwenye bikoni akiwa na chombo anachokiamini na alichokizoea kwa miaka yote ya masomo, badala ya kujifunza chombo kimoja kwa ajili ya mtihani na kingine kwa ajili ya kazi.

Fedha ya kikokotoo bado ninayo, sijaituma. Nimeiandikia ofisi ya mitihani ya chuo changu barua yenye maombi haya matatu, na nimeomba nipewe jibu la maandishi. Kikokotoo cha mzee, pamoja na kioo chake kibovu, bado kinafuta kumbukumbu vizuri. Wakihitaji kuona jinsi jambo hilo linavyofanyika, nitakiwekea betri na kukipeleka siku yoyote watakayoniita.

Mwanafunzi wa upimaji ardhi,
Dodoma